Suswa Ina Moto, Lakini Je, Ina Njia?

Kila mtu akiongea kuhusu stima ya Kenya, story huwa ni ile ile. Bonde la Ufa lina moto chini, tunachimba, mvuke unatoka, taa zinawaka, tunajipigia makofi. Shuleni tuliandika hivyo kwa mtihani na tukapewa alama zetu.

Shida ni kwamba hiyo story imeruka sehemu muhimu zaidi. Joto si kitu cha ajabu. Ukichimba chini ya kutosha popote duniani utapata joto, na kwetu unalipata mapema kidogo. Kitu adimu ni njia. Mwamba unaweza kuwa moto kiasi gani, lakini kama hauna nyufa na vitundu vinavyoungana ili maji yapite, umechimba shimo la mamilioni na limekaa tu hapo, moto na kimya. Uwezo huo wa mwamba kupitisha maji, mvuke, gesi au mafuta unaitwa upenyezaji. Leo nataka tupitie historia ya watu waliojaribu kuupima, kisha niwaambie kwa nini hiyo namba inamhusu kijana wa Kitengela kama inavyomhusu injinia.

Na nataka tuianzie Ewuaso Kedong, Kajiado Magharibi, upande ule ambao ukiangalia machweo unaona Mlima Suswa.

Mlima unaokunywesha watu

Kwa Kimaa, ewuaso ni mto. Lakini ukiuliza wenyeji wa Suswa maji yanatoka wapi wakati wa kiangazi, baadhi yao watakuonyesha juu mlimani. Pale kuna matundu yanayotoa mvuke mchana na usiku. Watu wanaweka paipu juu ya tundu, mvuke unapita ndani, unapoa njiani, unageuka matone, na matone yanaingia kwenye tangi au mtungi. Hayo ni maji ya kunywa na ya ndama. Hakuna pampu wala mafuta ya jenereta.

Ni teknolojia kamili hiyo, hata kama haina cheti. Na ina somo ndani yake: tundu moja linatoa mvuke mwingi, hatua chache tu kutoka hapo ardhi ni moto lakini hakuna kitu kinachotoka. Joto ni lile lile. Tofauti ni njia. Yule mama anayejua ni tundu gani la kuweka paipu na ni lipi la kuachana nalo amesoma upenyezaji wa Suswa kwa macho na kwa mkono, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuja na vifaa.

Suswa yenyewe ni volkano ya kipekee. Ina kaldera mbili, moja ndani ya nyingine, na ile ya ndani ina mtaro wa duara unaozunguka kipande cha mlima kama kisiwa. Chini kuna mapango marefu yaliyoachwa na lava iliyopita. Yaani mlima wenyewe umejaa mashimo na nyufa. Lakini shimo linaloonekana juu halikuambii kilichoko kilomita mbili chini. Kwa hiyo lazima mtu apime.

Kipimo kilianza na maji ya mfereji

Wengi wetu tungedhani sayansi hii ilianzishwa na watu wa mafuta. Hapana. Ilianza na mtu aliyetaka mji wake upate maji safi.

Anaitwa Henry Darcy, injinia wa mji wa Dijon, Ufaransa. Mwaka 1840 alikamilisha mfereji wa zaidi ya kilomita 12 kutoka chemchemi ya Rosoir hadi mjini, na watu wa Dijon wakapata maji bila kutegemea visima vichafu. Baadaye akaanza kujiuliza swali dogo: ukichuja maji kwa mchanga, yatapita kwa kasi gani? Kati ya 1855 na 1856 alisimamisha bomba la chuma lenye kipenyo cha sentimita 35, refu kuliko mtu, akalijaza mchanga, akapitisha maji na kupima.

Alichogundua ni rahisi kiasi kwamba unaweza kumweleza mdogo wako. Ukiongeza presha mara mbili, maji yanayopita yanaongezeka mara mbili. Ukiongeza urefu wa mchanga mara mbili, yanapungua nusu. Ukipanua bomba, yanaongezeka. Kinachobaki baada ya kuhesabu hayo yote ni tabia ya mchanga wenyewe: unapitisha kirahisi ama unabana. Aliyachapisha mwaka 1856 kwenye kitabu kuhusu maji ya Dijon, karibu mwisho wa kitabu, kama nyongeza. Alifariki mwanzoni mwa 1858 bila kujua nyongeza hiyo ingekuja kuendesha biashara ya mafuta ya dunia nzima.

Watu wa mafuta waliifikia baadaye. Mwaka 1933, watafiti wa kampuni ya Gulf kule Pittsburgh, Marekani, walipendekeza kipimo rasmi na wakakipa jina lake: darsi. Mwamba wa darsi moja ni mwamba mkarimu sana. Mchanga mzuri wenye mafuta unaweza kuwa na milidarsi mia kadhaa, na milidarsi ni darsi igawanywe kwa 1,000. Ukishuka chini ya milidarsi 0.1 unaingia kwenye kile ambacho watu wa gesi wanaita mwamba uliobana. Na ukishuka zaidi, kwa miamba kama matope yaliyogeuka jiwe, unafika kwenye nanodarsi. Nanodarsi moja kwa darsi moja ni kama shilingi moja kwa bilioni moja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya miamba miwili ambayo kwa macho yako yote ni mawe tu.

Kumbuka basi: kipimo kinachotumiwa leo kuamua nani atatajirika kwa mafuta kilizaliwa na swali la maji ya kunywa. Tutarudi hapo.

Ziwa lenye siri

Sasa turudi nyumbani. Jiografia ya Ewuaso Kedong haieleweki bila Ziwa Naivasha lililoko kaskazini yake.

Maziwa ya Bonde la Ufa yasiyo na mto wa kutoka huwa ya chumvi. Mantiki ni ya jikoni: maji yanaingia na chumvi kidogo, jua linachukua maji, chumvi inabaki, miaka inapita, unapata Magadi. Nakuru na Elementaita ni hivyo hivyo. Naivasha pia haina mto wa kutoka. Mito Malewa na Gilgil inaingia, hakuna unaotoka. Lakini maji yake ni baridi, matamu, yana samaki, na yanamwagilia maua yanayouzwa Ulaya. Kwani chumvi inaenda wapi?

Swali hilo liliwasumbua wanajiolojia tangu enzi za ukoloni, na jibu lililokuwa na akili lilikuwa moja tu: ziwa linavuja chini. Naivasha iko juu zaidi kuliko maziwa mengine ya Bonde la Ufa nchini Kenya, karibu mita 1,900 juu ya bahari, kwa hiyo maji yakipata mwamba unaoruhusu yanaweza kuteremka kaskazini au kusini. Lakini kusema linavuja ni rahisi. Kuonyesha maji yameenda wapi, chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna visima, hiyo ni kazi nyingine.

Mwaka 1990 watafiti watatu, Darling, Allen na Ármannsson, walichapisha jibu la kijanja. Maji ya ziwa lililokaa juani hubaki na alama. Yale mepesi hupaa kwanza, yale mazito hubaki, na uwiano huo wa isotopu ni kama alama ya kidole. Maji ya mvua hayana alama hiyo. Kwa hiyo badala ya kuchimba, walipima mvuke unaotoka kwenye matundu ya volkano za Bonde la Ufa, wakahesabu kurudi nyuma ili kujua maji yaliyouzaa yalikuwa ya aina gani. Wakaona maji ya ziwa bado yanaweza kutambulika kama kilomita 30 kusini mwa Naivasha.

Chukua ramani upime kilomita 30 kusini ya ziwa. Umeipita Olkaria, umeipita Longonot, unakaribia Suswa.

Hebu tulia na hilo kidogo. Maji yanayozuiliwa na mwamba mmoja na kuruhusiwa na mwingine yanasafiri chini ya miguu ya ng'ombe wa watu, chini ya reli ya SGR iliyofika Suswa mwaka 2019, chini ya mashamba yanayogombaniwa. Na huko chini hayajui mpaka wa Nakuru, Narok na Kajiado.

Olkaria ilivyokataliwa mara ya kwanza

Ukimuuliza mtu historia ya Olkaria atakuambia 1981. Ni kweli, mwaka huo mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa, wa pili ukafuata 1982, wa tatu 1985, jumla megawati 45. Wengi huongeza kwamba ilikuwa ya kwanza Afrika, na hapo wanasahau majirani: kule Kiabukwa, Katanga, Wabelgiji walikuwa wamewasha kamtambo ka megawati 0.2 mwaka 1952. Lakini kwa ukubwa wa maana, sawa, Olkaria ndiyo ilifungua njia.

Sehemu ambayo haisimuliwi ni miaka 25 ya kabla ya hapo.

Mwaka 1956 kampuni kadhaa, ikiwemo East African Power and Lighting, zilianza kuchimba Olkaria. Walichimba visima viwili, X-1 na X-2. Joto lilikuwepo, na la kutosha: kisima cha X-2 kilipita nyuzi 200 za selsiasi. Ukimwagia maji hapo yanageuka mvuke mara moja. Lakini visima havikutoa mvuke wa kuendesha mashine. Moto upo, njia hakuna. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mradi ukasimama, vifaa vikaondolewa, na nchi ikaendelea kutegemea mito na mafuta.

Fikiria ungekuwa wewe uko kwenye ile ofisi. Una visima viwili, vyote vimekataa. Ungeandika nini kwenye ripoti? "Olkaria haina kitu." Na ungekuwa na namba za kukutetea.

Kilichobadilika mwaka 1970 si mlima. Serikali ya Kenya huru pamoja na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, walirudi na maswali mapya. Walifanya uchunguzi wa juu ya ardhi kutoka Olkaria hadi Bogoria, wakakirudia kisima cha X-2, wakachagua upya mahali pa kuchimba. Uchimbaji ukaanza tena 1973. Kufikia 1976 visima sita vilikuwa vimechimbwa na ripoti ikasema biashara ipo. Walikuwa wameelewa kwamba Olkaria haifanani kila mahali. Mwamba wenyewe, ambao kwa sehemu kubwa ni traki, lava ngumu ya kijivu, unabana. Maji yanapita kwenye nyufa na kwenye mipaka ambapo lava moja ililala juu ya nyingine. Ukikosa ufa kwa mita chache, umekosa kila kitu.

Leo mvuke wa ardhini unaipa Kenya zaidi ya megawati 900 na zaidi ya asilimia 40 ya stima yetu. Yote hiyo ingekuwa imezikwa na visima viwili vilivyochimbwa mahali pasipofaa.

Unapimaje kitu kinachokataa kupimika?

Tuingie maabara kidogo, nawaahidi haitauma.

Ukitoa sampuli ya mwamba kutoka chini, unaikata kipande cha mviringo, kawaida kipenyo cha sentimita mbili na nusu hadi karibu nne, kama kipande cha muwa. Unakiosha, unakikausha, unakivisha mpira, halafu unakiweka ndani ya chombo cha chuma na kukibana kwa presha kutoka nje. Kubana ni muhimu. Chini kabisa mwamba umebebwa na uzito wa mlima mzima. Ukiupima mezani ukiwa huru, nyufa zake zimefunguka na utapata jibu tamu lakini la uongo. Kisha unasukuma gesi au maji upande mmoja na kupima kinachotoka upande wa pili, kama Darcy na mchanga wake.

Kwa mwamba mkarimu hiyo inatosha. Kwa mwamba uliobana, utakaa. Unasukuma, unangoja, hakuna kitu. Tone moja linaweza kuchukua siku. Na wakati unangoja, joto la chumba linabadilika, paipu zinavuja kidogo, na uvujaji wa kifaa chako unakuwa mkubwa kuliko kile unachotaka kupima.

Kuna mtego mwingine. Gesi hupita kwenye vitundu vidogo kirahisi kuliko maji, kwa sababu chembe zake huteleza kwenye kuta badala ya kushikwa. Mwaka 1941 Mholanzi L. J. Klinkenberg alionyesha jinsi ya kusahihisha hilo: pima kwa presha tofauti tofauti, chora mstari, ufuate hadi pale ambapo presha ingekuwa kubwa sana kiasi kwamba gesi inajifanya maji. Usipofanya hivyo, mwamba wako utaonekana mkarimu kuliko ulivyo. Kwa mwekezaji anayetafuta sababu ya kuchimba, hilo kosa ni tamu sana.

Mwaka 1968, W. F. Brace na wenzake wawili kule MIT, Marekani, waliacha kungoja tone. Walichukua graniti ya Westerly, jiwe ambalo wewe na mimi tungeapa halipitishi chochote, wakaliweka katikati ya vitangi viwili vyenye presha sawa. Kisha wakaongeza presha kidogo tu upande mmoja, wakakaa kuangalia inavyoshuka polepole ikitafuta usawa na upande wa pili. Kasi ya kushuka ndiyo jibu. Hawakupima kilichotoka. Walipima jinsi tofauti inavyokufa.

Waliona upenyezaji wa graniti hiyo ni nanodarsi 350 ikibanwa kwa presha ya baa 100, na nanodarsi 4 tu ikibanwa kwa baa 4,000. Jiwe ni lile lile, lakini limekuwa gumu kupenya karibu mara 90 kwa sababu tu ya kubanwa. Kwa hiyo mtu akikupa namba ya upenyezaji bila kukuambia ilipimwa chini ya presha gani, amekupa nusu ya habari.

Na unajua kitu cha kupendeza? Huko Olkaria, kisima kikimaliza kuchimbwa, wanafanya jambo la ukoo mmoja na la Brace. Wanasukuma maji baridi kisimani, wanasimamisha, halafu wanaangalia presha inavyoshuka. Ikishuka haraka, mlima umefungua mlango. Ikikaa juu, mlima umekataa. Wakenya wengi wamejifunza hesabu za namna hii kwenye mafunzo ya mvuke wa ardhini kule Iceland, yaliyoanza mwaka 1979, na Kenya ni kati ya nchi zilizopeleka wanafunzi wengi zaidi. Kwa hiyo wasee, usidanganywe kwamba hii ni elimu ya watu wengine. Watu wetu wanaijua. Swali ni kwa nini sisi hatuisikii.

Kipande si mlima

Hapa ndipo nina maoni makali.

Sampuli ya mwamba inaweza kusema ukweli mtupu na bado ikakupotosha. Kipande cha sentimita nne kinakuambia kuhusu kipande cha sentimita nne. Mlima una nyufa ambazo hazingii kwenye kipande hicho. Kwa kweli wachimbaji mara nyingi hupata sampuli nzuri pale mwamba ulipo mzima, kwa sababu penye ufa mwamba huvunjika ukitoka. Yaani kile unachofanikiwa kubeba hadi maabara ndicho kile ambacho hakina njia. Ile sehemu yenye siri imebaki chini.

Watu wa Kitengela wanalijua hili kwa mfuko wao. Uwanda wa Kapiti umelaliwa na fonolaiti, lava ngumu sana. Ndani yake maji hayapiti. Yanakaa kwenye mpasuko, au pale lava moja ilipofunika ardhi ya zamani kabla nyingine haijaja. Ndiyo maana jirani wawili wanachimba visima, ploti kwa ploti, mmoja anauzia mtaa mzima maji na mwingine ana shimo refu la vumbi na deni. Halafu watu wanasema ni nyota. Si nyota, ni upenyezaji.

Na kumbuka Machi 2018. Mvua ilinyesha sana, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika, ufa ukafunguka karibu na Suswa, sehemu nyingine ukiwa na kina cha mita 15 hivi. Mitandao ya dunia ikapiga kelele: Afrika inagawanyika! Video zikasambaa kama moto wa nyasi. Wanajiolojia kadhaa wakasema tulizeni roho. Bonde la Ufa linapanuka kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Maelezo yao yalikuwa ya karibu zaidi na nyumbani: ardhi ya pale ni majivu ya volkano, laini, na maji ya mvua yalipenya chini, yakaosha majivu yaliyojaza ufa wa zamani, juu ikaporomoka. Wale wa kelele walipata watazamaji. Lakini familia iliyogawanyikiwa shamba ilihitaji jibu la pili, kwa sababu hilo ndilo linaloambia mtu ajenge wapi.

Sasa, namba ni ya nani?

Suswa iko kwenye orodha ya milima ambayo serikali inataka kuzalisha stima. Siku mitambo ya kuchimba ikipanda, mambo mengi yataamuliwa na hiyo namba: visima vingapi, megawati ngapi, ardhi kiasi gani. Na pesa.

Sheria ya Kawi ya 2019 inasema anayechimba mvuke wa ardhini alipe mrabaha wa asilimia 1 hadi 2.5 ya thamani ya nishati kwa miaka 10 ya kwanza, na asilimia 2 hadi 5 baadaye. Mrabaha huo unagawanywa hivi: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii ya pale 5. Fanya hesabu. Mrabaha ukiwa asilimia 2, kwa kila shilingi 100 za nishati, shilingi 2 ni mrabaha, na jamii inapata senti 10. Senti kumi, manze. Ukiwa na hisa ndogo hivyo, angalau ujue inahesabiwa kutoka kwa nini.

Tuna mfano wa karibu. Mwaka 2014 familia za Kimaasai kutoka vijiji vinne zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, zikapelekwa eneo linaloitwa RAPland. Malalamiko yao yalifika hadi Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikabidi upatanishi ufanyike. Mimi sipingi Olkaria. Naandika haya kwa stima yake. Lakini watu walijadiliwa kuhusu ardhi ya juu, ilhali utajiri uliokuwa unajadiliwa ulikuwa chini, na lugha ya chini walikuwa nayo wataalamu peke yao.

Kwa Suswa kuna jambo zaidi. Mvuke ambao watu wanaunywa na mvuke ambao mitambo itautaka huenda unatoka kwenye mfumo mmoja wa nyufa. Kisima kikivuta sana, matundu ya juu yanaweza kupungua, yanaweza kubaki vile vile, yanaweza hata kuongezeka, miamba hutofautiana. Njia pekee ya kujua ni kupima matundu hayo kabla kazi haijaanza, na kuendelea kupima. Usipokuwa na namba ya kabla, siku mtungi ukikauka utaambiwa ni ukame. Na hutakuwa na la kujibu.

Najua wataniambia data za visima ni siri ya biashara, na kwamba mwananchi wa kawaida hataelewa milidarsi. La kwanza lina ukweli kidogo: kampuni iliyotumia pesa yake kuchimba ina haki ya kulinda kazi yake. Lakini kiwango cha maji, kemia yake, na hali ya matundu ambayo watu wananywa si siri ya mtu. La pili ni dharau. Mama anayejua tundu la kuweka paipu anaelewa upenyezaji kuliko wengi wetu wenye digrii. Mwambie tu kwa lugha anayoijua: hapa mlima unafungua, hapa unabana, hapa tukichukua sana tutakuchukulia wewe.

Darcy alianza na maji ya watu, kisha wengine wakapata mafuta. Sisi tunataka kuanza na megawati halafu tuone kama maji yatabaki. Nadhani tumeishika fimbo kwa ncha isiyofaa.

Basi siku ukiona mtambo wa kuchimba unapanda Suswa, au hata ukiona mmoja kwenye ploti ya jirani Kitengela, usiishie kupiga picha. Uliza maswali matatu. Mmepima njia ama mmepima joto tu? Mlipima kipande ama mlipima mlima? Na namba mliyoipata, itabandikwa wapi ili tuisome? Waliochimba X-1 na X-2 hawakuulizwa hayo na mtu yeyote wa pale, na mlima ukangoja zaidi ya miaka 20 kabla kuwasha taa hata moja.